Karabai ya Saa Nane Mchana

Hodan, mjukuu wangu, ndiye anayeandika maneno haya, kwa sababu mimi sikuwahi kuingia darasani hata kwa kupotea njia. Juzi alijinunulia taa. Ameifunga juu ya meza ndogo aliyoiweka pembeni mwa chumba, ambapo jioni, atokapo chuoni, hufungua saa mbovu bila kulipwa na bila kutumwa na mtu. Siku hizi mambo ya namna hiyo huitwa burudani. Sisi tuliyaita kazi, na wakati mwingine tulilala njaa juu yake. Taa yenyewe ni ndefu kama fimbo ya mchungaji, na mwanga wake ni mkali kiasi kwamba nilipoingia nilidhani nimekwisha kufa na sasa nasubiri kuulizwa maswali.

"Awowe, babu yangu, unaonaje?" akaniuliza kwa fahari.

Nikamjibu kwamba sioni, na kwamba hiyo ndiyo hitilafu yenyewe.

Basi sikilizeni, ninyi nyote mnaopenda kukaa mezani na vitu vidogo: saa, redio, shanga, simu zilizovunjika vioo. Nilitengeneza saa hapa Garissa mpaka macho yangu yakaomba kustaafu kabla yangu. Sina cheti cha kuwaonyesha. Ninacho kibano kimoja, lenzi moja, na aibu moja kubwa, na hiyo aibu ndiyo iliyonifundisha kuliko mwalimu yeyote. Nitaifikia. Msiniharakishe.

Kazi nilijifunza kwa Mzee Shee, mtu wa pwani aliyekuwa na kibaraza chake karibu na soko. Alikuwa na jicho moja zima, na kwa hilo moja aliona makosa ya watu wenye mawili. Kiswahili changu pia ni chake. Kila nilipoitamka herufi kwa namna ya nyumbani kwetu, alinyamaza mpaka niirudie, na saa ya mteja ikangoja. Siku yangu ya kwanza hakunipa saa. Alitandika kitambaa cha amerikani mezani, akadondosha juu yake punje moja ya chumvi, akaniambia niiokote kwa kibano.

"Siioni, Mzee."

"Kwa nini huioni?"

"Ni nyeupe juu ya nyeupe."

"Uongo. Huioni kwa sababu umekaa vibaya. Sogea."

Nilisogea mara nne. Mara ya nne mwanga ulinijia kutoka mkono wa kushoto, chini chini, nao ukaipa punje ile kivuli kirefu kuliko yenyewe. Nikaiokota. Mzee Shee hakunisifu. Alikuwa anaamini kwamba sifa huharibu mikono. Alisema tu: "Jicho halioni kitu. Jicho huona kivuli cha kitu. Mwanga usiotoa kivuli ni mwanga wa kutembelea, si wa kufanyia kazi."

Hapo mna nusu ya elimu yangu yote, na mmeipata bure, jambo ambalo ninalijutia.

Nusu ya pili ni ya mikono. Ikiwa unatumia mkono wa kulia, taa ikae kushoto, ili kivuli cha mkono wako kianguke nje ya kazi na si juu yake. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze. Jambo hili ni dogo kiasi kwamba kila mtu analijua, na kubwa kiasi kwamba hakuna anayelifanya. Mimi mwenyewe, umeme ulipoingia mtaani kwetu miaka mingi baadaye, nilining'iniza balbu katikati ya dari kama watu waliostaarabika, nikakaa chini yake mwezi mzima nikifanya kazi ndani ya kivuli cha kofia yangu na kuulaumu umeme kwamba ni dhaifu. Mke wangu ndiye aliyesema, "Vua kofia, au teremsha taa." Nilivua kofia kwanza, ili isionekane kwamba ameshinda.

Kuhusu vitu vya kurudisha mwanga, nilipokuwa mwanafunzi nilikata debe la mafuta ya taa, nikalisugua kwa majivu mpaka likawa kama kioo, nikaliweka nyuma ya fanusi ili mwanga uongezeke. Uliongezeka, ukanipiga machoni. Mzee Shee alilichukua debe lile, akalipaka chokaa mbele yangu, akalirudisha mahali pake. Tangu hapo mwanga ulikuja laini kama maziwa. Kitu kinachong'aa huurusha mwanga. Kitu cheupe kisichong'aa huugawa. Hodan ameweka kioo juu ya meza yake kwa sababu kinapendeza. Naam, kinapendeza.

Sasa nifikie aibu.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa msituni. Barabara ya pwani ilikuwa imeharibika kwa hofu kuliko kwa mvua, na Mzee Shee alikwisha kurudi kwao, akiniachia kibano na lenzi. Mjini kazi ilikuwa haba, nikarudi kwetu kwenye mifugo, na amri ikaja kwamba watu wa mifugo wakusanywe kwenye vijiji vyenye ua wa miba na lango moja, walindwe. Walindwe dhidi ya nani, hatukuambiwa. Ukiwa ndani ya ua na bunduki imeelekea ndani, unaruhusiwa kukisia. Mimi na dada yangu Ebla tuliwekwa katika kimoja cha vijiji hivyo, kando ya mto, upande wa kuelekea Balambala.

Tulikaa katika aqal, nyumba yetu ya fito na mikeka. Kwetu nyumba hiyo ni ya mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye huijenga, huibomoa na huipakia juu ya ngamia. Kwa hiyo ilikuwa nyumba ya Ebla, na mimi nilikuwa mgeni mwenye meza. Lakini niwaambie, hakuna karakana niliyowahi kuwa nayo iliyoishinda nyumba ile kwa mwanga. Nyumba ya mawe ina dirisha mahali ambapo mwashi alitaka. Aqal ina dirisha popote unapofungua kamba ya mkeka. Asubuhi niliinua mkeka wa magharibi, jioni wa mashariki, kwa sababu fundi hahitaji jua. Anahitaji mwanga wa mbingu jua likiwa linatazama kwingine. Kisha, saa ikiwa tayari na kabla ya kufunga mgongo wake, niliinua kidogo, upana wa viganja viwili tu, upande wa jua lenyewe, ili miale mirefu ipite juu ya kazi na kunionyesha vumbi, unywele, au tone la mafuta lililokosea njia.

"Nyumba yangu umeifanya chujio," Ebla alikuwa akisema. "Kila nikirudi nakuta kamba moja imefunguliwa. Siku moja utaamka umelala nje."

Ebla hakuwa peke yake aliyehesabu kamba zangu. Mtu mmoja mwenye nafasi nyingi kuliko kazi alikwenda kumweleza mkuu wa lango kwamba fundi saa anatoa ishara kwa watu wa msituni.

Mkuu wa lango alikuwa sajini mmoja kutoka ng'ambo ya pili ya mto, huko ambako watu wetu walikuita Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa kwingine. Vita vyenyewe vilikuwa juu ya swali hilohilo, kwa hiyo sikuwahi kumsahihisha mtu. Sajini alikuwa mnene, mpole wa sauti, na alipenda utaratibu kuliko chai. Alikuja na askari wawili, akasimama nje ya nyumba yetu na kuikagua mikeka kama anayekagua gwaride.

"Fundi," akasema, "asubuhi unafungua magharibi. Jioni unafungua mashariki. Mtu mwenye akili timamu hufungua upande wenye jua. Unamwashiria nani?"

"Simwashirii mtu, afande. Jua la moja kwa moja huumiza macho."

"Lakini pia kuna wakati unafungua upande wa jua. Kidogo tu. Halafu unafunga."

"Hapo ninakagua, afande."

"Unakagua nini?"

"Vumbi."

Akawatazama askari wake. Hata mimi, nilipolisikia jibu langu likitoka, niliona kwamba ni jibu la mtu mwenye hatia.

Hakunifunga, na nadhani sababu ilikuwa mkononi mwake. Saa yake ilikuwa inachelewa, na saa hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kijiji. Kila asubuhi aliirekebisha kwa redio ya kituo, ambayo betri zake zilihifadhiwa kwa taarifa ya saa moja peke yake. Kuanzia hapo mpaka jioni hapakuwa na saa nyingine. Saa kumi na mbili lango lilifungwa, na baada ya hapo amri ilikuwa fupi: kinachotembea nje ya ua ni adui. Wenye vibali vya kupeleka mbuzi mtoni, na Ebla alikuwa mmoja wao, waliijua amri hiyo kuliko walivyojua majina ya shangazi zao.

Kwa hiyo sajini alitoa hukumu ya mtu mwenye busara: mikeka yote ifungwe kwa waya, na mimi niitengeneze saa yake. Nikamwambia kwamba hayo mawili hayaendi pamoja. Akafikiri, akatabasamu, na baada ya muda mfupi askari akaniletea karabai ya kituo, ile taa ya kupiga pampu inayovuma kama nyuki. Sajini mwenyewe aliitundika juu ya meza yangu, katikati kabisa, kwenye fito za paa.

"Nguvu ya mishumaa mia tatu, fundi. Hata daktari hana taa kama hii."

Ilikuwa saa nane mchana. Nje jua la Garissa lilikuwa linachoma mawe, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa waya, nikiwasha taa.

Ningeweza kukataa? Adabu ya kwetu haimruhusu mtu kuirudisha zawadi ya heshima mbele ya watu, hata kama heshima yenyewe ni ya kukufungia mikeka. Lakini nisijifiche nyuma ya adabu. Ukweli ni kwamba taa ile ilinivimbisha kichwa. Sikuwahi kukaa chini ya mwanga mwingi namna hiyo. Kila kitu mezani kilikuwa cheupe, kimelala, hakina kivuli, na mimi nikauchukulia weupe ule kuwa ndio kuona. Nilisafisha saa, nikaitia mafuta, nikaifunga. Joto la karabai lilikuwa limeyafanya mafuta yangu mepesi kama maji, na tone moja lilikuwa limetoka kwenye egemeo la gurudumu na kuelekea kwenye springi nyembamba kama unywele, ile inayojikunja na kujikunjua na kuipa saa mwendo wake. Sikuliona. Mwanga uliokuwa juu yake ulianguka wima, na tone halikuwa na kivuli cha kunishtaki.

Ningeweza kutoka nje hatua tatu na kuigeuza saa ubavu mbele ya jua, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Sikutoka. Taa ya serikali ilikuwa imewaka.

"Itakwenda vizuri kuliko mwenyewe," nikamwambia sajini nilipomrudishia. Kijana aliyejaa majivuno husema maneno ambayo mzee huja kuyajibu.

Siku mbili saa ilikwenda vizuri. Siku ya tatu mafuta yaliufikia mzunguko wa springi, yakaugandisha na mwenzake, na springi iliyogandana ni springi fupi, na springi fupi hukimbia. Tangu asubuhi saa ya sajini ilikuwa inaliacha jua nyuma, na hakuna aliyejua.

Nilikuwa nimekaa karibu na lango nikimngoja Ebla. Jua lilikuwa bado na kimo cha ngamia juu ya miti ya mto, na muadhini wetu alikuwa hajaanza hata kunawa, nilipoona askari wakiliburuta lango la miba na kulifunga.

"Afande," nikasema, "bado mapema."

Sajini akanionyesha mkono wake. Saa ilisema kumi na mbili kamili.

"Lakini jua bado lipo."

"Jua halikula kiapo, fundi. Na saa hii imetoka kwako. Umesahau ulichoniambia?"

Askari walicheka. Mimi nilikuwa natazama juu ya ua. Kule mbali, kwenye njia ya mto, vumbi la mbuzi lilikuwa limeanza kuinuka, na ndani ya vumbi lile palikuwa na shela nyekundu ikija taratibu, kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba ana muda wa kutosha. Askari mmoja naye alikwisha kuliona. Aliacha kucheka, akashusha bunduki kutoka begani.

Nataka mnielewe, ninyi mnaosoma. Kumwambia sajini kwamba saa yake ni mbovu kulikuwa ni kumwambia kwamba mimi, mtu wa mikeka, mtu wa ishara, ndiye niliyeichezea saa ya lango. Watu walipelekwa mbali kwa makosa madogo kuliko hilo, na wengine hawakurudishwa. Lakini shela nyekundu ilikuwa inakuja.

"Afande, saa inakimbia. Kosa ni langu."

"Kosa lako?"

"Langu peke yangu. Nipe niifungue."

"Nikupe ili umwongezee dada yako dakika?"

"Ishike wewe mwenyewe. Mimi nitafungua mgongo tu, ikiwa mkononi mwako."

 Kisha akaivua, akaishika kiganjani. Nikafungua mgongo kwa ncha ya kisu, nikamshika afande wa serikali kiwiko, jambo ambalo mpaka leo silielewi, nikamgeuza mpaka jua likawa kushoto kwetu, chini, likipita juu ya ua wa miba. Miale ikaingia ndani ya saa kwa ubavu. Na pale, juu ya springi, tone langu likameta.

Nikampa lenzi. "Unaona nini?"

"Kitu kinang'aa. Kama machozi."

"Ni mafuta. Sikuyaona nilipofunga."

"Hukuyaona? Ulikuwa na mishumaa mia tatu!"

"Ndiyo sababu, afande."

Akaendelea kutazama, jicho moja limefumbwa, mdomo wazi. Alikuwa mtu wa utaratibu, na mbele yake sasa palikuwa na utaratibu ulioharibika kwa njia aliyoweza kuiona.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "serikali imelitangulia jua."

"Kwa nusu saa hivi, afande."

"Hii ni mara ya kwanza serikali kuwahi mahali."

Sikucheka. Nilikuwa nimechomeka pini chini ya gurudumu, nalo likasimama. Mshale wa sekunde ukakoma.

"Sasa ni saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hakuna saa, afande. Imesimama."

Askari mwenye bunduki aligeuka. "Afande, kuna mtu nje anakuja."

Sajini hakuyaondoa macho yake kwenye lenzi. "Lango hufungwa saa kumi na mbili," akasema. "Fundi anasema hakuna saa. Mimi siwezi kufunga lango kwa saa ambayo haipo. Fungua." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Na wewe, usifanye haraka."

Ebla aliingia na mbuzi wake wote, akatukuta tumesimama bega kwa bega, sajini wa serikali na mimi, tumeinamia kiganja kimoja.

"Walaal, ndugu yangu," akaniita, "umesimama juani unakodoa macho hivyo, unataka kupofuka? Na hao wanaume wanatazama nini? Hawajawahi kuona mbuzi?" Akapita zake. Muadhini akaanza kuadhini, na kwa mwito wake nikairekebisha saa ya serikali.

Kesho yake sajini alikuja na koleo. Alikata waya wa mkeka wa magharibi na wa mashariki, akabeba karabai yake, akaenda. Habari ya ishara ikaishia hapo. Lakini jioni, nilipoinua mkeka upande wa jua upana wa viganja viwili, nilimwona amesimama langoni ameigeuza saa yake ubavu, anakagua vumbi.

Ebla nilimweleza miaka mingi baadaye, alipokuwa na wajukuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama zile kamba za mikeka niliwahi kuzilipa.

Basi, Hodan, shusha taa yako. Iweke kushoto, chini ya usawa wa macho yako, na uifunike upande wako ili usiione yenyewe bali uone inachokionyesha. Ya darini iache iwake kwa unyonge, ili ukiinua kichwa usikutane na giza. Ondoa kioo, tandika kitambaa cheupe. Ukichagua rangi ya mwanga, chagua inayofanana na mbingu ya asubuhi. Ya manjano iache sebuleni, kwa maana chini yake shaba huitwa dhahabu, na nimewahi kuinunua. Kisha dondosha punje moja ya chumvi na uniite nije kukitafuta kivuli chake.

Na kabla hujafunga mgongo wa saa yoyote, hata kama ni ya burudani, ibebe mpaka mlangoni uilaze ubavu mbele ya jua. Usiniambie taa yako inatosha. Kuna mtu yuko njiani na mbuzi wake, naye anaamini kwamba bado ana muda.